Kwa nini mtu mzima amwogope chale ambaye hakuwahi kumwona utotoni?

Baba Zawadi (mleta mada), Dar es Salaam

Wanajukwaa, nawasalimu. Naomba mnisaidie kulielewa jambo lililonisumbua kwa majuma mawili sasa, ambalo kila nikilieleza nyumbani ninaishia kuchekwa.

Tulialikwa kwa jirani kwenye sherehe ya mtoto wake kutimiza miaka sita. Mambo yalikuwa yale yale tuliyoyazoea: turubai, viti vya plastiki, maputo, keki yenye umbo la gari na muziki wa kupasua masikio. Keki ilipokwisha kukatwa, mshereheshaji alitangaza kwamba kuna mgeni maalumu, na kutoka uani akachomoza chale: suruali pana ya madoadoa, viatu virefu kama mitumbwi, wigi la manjano, na uso mweupe pepepe uliochorwa mdomo mwekundu ulioishia karibu na masikio. Watoto wakubwa walimkimbilia kwa shangwe. Binti yangu, mwenye miaka mitatu na nusu, alipiga yowe ambalo sijalisikia hata siku alizochomwa sindano, kisha akanipanda kama mkwezi apandavyo mnazi.

Yowe la mtoto halikunishangaza sana. Kilichonishangaza ni kwamba yule chale alipotusogelea ili ambembeleze, mimi nami nilijikuta nimerudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Nina miaka 41, nimewahi kumuua swila kwa fimbo mbele ya mashahidi, na nilikuwa nikimtazama kijana wa watu mwenye pua ya sponji huku moyo ukinidunda na viganja vikilowa jasho. Baadaye nilimwona bombani ananawa. Rangi ilipotoka alibaki kijana mwembamba, mpole, mwenye haya kidogo, aliyeniamkia na kuniomba radhi kwa kumliza mtoto. Nikaona aibu maradufu.

Linalonitatiza ni hili. Nimekulia kijijini wilayani Masasi, ambako katika utoto wangu wote haikuwahi kupita sarakasi yenye chale, na filamu za kutisha sizitazami kwa kuwa usingizi wangu ni haba hata bila msaada wake. Hofu hii, basi, iliingilia mlango upi? Na la pili: shuleni kwa binti yangu wanaandaa siku ya familia mwezi ujao, na tumekwisha kuambiwa kwamba chale atakuwepo. Nimzoeshe mtoto, nimbakize nyumbani, au nimwache alie hadi achoke? Naomba majibu ya kweli, maana dhihaka nimezipata za kutosha kutoka kwa mama yake.

Msomaji wa Ilala

Mkuu, kwa maoni yangu hofu hii imeletwa na watu, tena tunawajua. Unasema hukuwahi kumwona chale utotoni, lakini hujasema kama hukuwahi kupita mbele ya kibanda cha video na kuona picha zilizobandikwa mlangoni. Picha moja hutosha. Mwaka 1986 Mmarekani Stephen King alitoa riwaya ambamo kiumbe kinachowala watoto hujitokeza kwa umbo la chale. Mwaka 1990 ikageuzwa kuwa mchezo wa televisheni, na mwaka 2017 ikatoka filamu ambayo vipande vyake vilifika hadi kwenye simu za watu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa sinema.

Kabla ya riwaya kulikuwa na mtu wa kweli. John Wayne Gacy, mkandarasi aliyeishi katika viunga vya Chicago, alikamatwa Desemba 1978, na mwaka 1980 mahakama ikamtia hatiani kwa kuwaua vijana na wavulana 33. Huyu alikuwa akijipaka rangi kwenye hafla za hisani na kujiita Pogo. Hakuua akiwa katika mavazi yale, lakini magazeti yalipochapisha picha yake akiwa chale, nani angeweza tena kumtazama chale yeyote kwa jicho la zamani? Msimamo wangu ni huo: ondoa Gacy, ondoa filamu, na hofu itabaki kwa watoto wadogo tu.

Muuguzi Mstaafu, Morogoro

Ndugu Baba Zawadi, pole, na mama Zawadi naye aache kucheka, kwa sababu hauko peke yako hata kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Wales walichapisha mwaka 2023 matokeo ya kuwahoji watu wazima 987 kutoka nchi 64, na asilimia 53.5 kati yao walikiri kuwaogopa machale kwa kiwango fulani, huku asilimia 5 wakisema hofu yao ni kubwa mno. Ndugu wa Ilala atafurahi kusikia kwamba filamu na habari zilitajwa kwa nguvu miongoni mwa sababu, ila hazikuongoza. Iliyoongoza ni kwamba rangi huficha hisia za mtu, hivyo anayemtazama hawezi kujua kilichomo moyoni mwake. Na iliyokuwa mkiani kabisa ni ile ambayo wengi tungeitaja kwanza, yaani kuwahi kutishwa na chale. Kwa hiyo swali lako la mlango upi lina wenzake wengi: watu huogopa bila kuwa na kisa cha kusimulia.

Nimefanya kazi katika wodi za watoto kwa zaidi ya miaka 30, na jambo moja nililojifunza ni kwamba mtoto huusoma uso wako kabla hujafungua kinywa. Ukiingia na sindano mfukoni, anaiona usoni. Mwaka 1862 daktari Mfaransa Duchenne, aliyekuwa akiichunguza misuli ya uso kwa kuigusa kwa nyaya za umeme, alionyesha kwamba tabasamu la kweli halikai mdomoni peke yake. Sharti msuli unaozunguka jicho nao ujikunje. (Sisi, bila umeme wa Duchenne, tulikwisha kulipa jina tabasamu lisilofika machoni: kijino pembe.) Sasa mfikirie chale. Mdomo uliochorwa unacheka tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, hausinzii wala haupumziki, na chini yake kuna mdomo mwingine, wa kweli, ambao huenda umefumbwa, umechoka au umekasirika. Ukimtazama unapata habari mbili zinazopingana kutoka kwenye uso mmoja. Ubongo wako haukumwona adui, Ndugu. Ulishindwa kusoma, na uliposhindwa kusoma ukachagua kurudi ukutani, kwa kuwa kukosea kwa kurudi ukutani hakuna hasara kubwa.

Kuna Mjapani, Masahiro Mori, aliyeandika mwaka 1970 kuhusu roboti kwamba kadiri zinavyofanana na binadamu ndivyo tunavyozipenda, hadi zinapokaribia sana kufanana naye bila kufika, na hapo mapenzi huporomoka ghafla na kuwa kinyaa. Chale yuko kwenye poromoko hilo hilo, ila amelifikia kutokea upande wa pili: yeye ni mtu aliyejisogeza mbali kidogo na utu.

Kuhusu binti yako, wacha nikupe kisa cha paka. Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, Rheta De Vries, alichapisha utafiti wa watoto wa miaka mitatu hadi sita aliowaonyesha paka mtulivu aitwaye Maynard. Waliruhusiwa kumpapasa, kisha sehemu ya mbele ya paka ikafichwa na kuvishwa kinyago cha mbwa mkali, huku mkia na miguu ya nyuma vikiendelea kuonekana muda wote. Wengi wa wale wa miaka mitatu waliamini kwamba paka amekuwa mbwa kweli, na baadhi wakaogopa kumgusa. Wale wa miaka sita kwa kawaida walijua kwamba ni Maynard yule yule. Linganisha na sherehe yenu. Mwenye siku yake alikuwa akitimiza sita, akakimbilia. Wako ana mitatu na nusu, akakupanda. Kwake yeye, hakukuwa na kijana ndani ya rangi. Hivyo usimwambie "ni mtu tu yule", kwa maana hilo ndilo jambo ambalo umri wake haumruhusu kuliona.

Wala usimwache alie hadi achoke. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomtoa hofu ya sungura mtoto aitwaye Peter, wa takriban miaka mitatu: sungura aliwekwa ndani ya kizimba mbali na mtoto, mtoto akipewa chakula anachokipenda, na kizimba kikasogezwa kidogo kidogo siku baada ya siku, hadi mwishowe Peter akamshika sungura kwa mkono wake. Mwendo aliuamua mtoto. Aliyeharakishwa huogopa na chakula pia.

Mpenda Historia, Tanga

Ndugu wa Ilala ameanzia mwishoni mwa hadithi. Hofu ya machale ina umri mkubwa kuliko Gacy, na naiona imezaliwa siku ile watu walipoanza kujiuliza nini kimo nyuma ya rangi.

Chale mwenye uso mweupe na alama nyekundu mashavuni, kama tunavyomjua, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mtu mmoja, Joseph Grimaldi, aliyezaliwa London mwaka 1778. Alipanda jukwaani akiwa bado mtoto mdogo sana, chini ya baba mkali kupindukia, na kufikia mchezo wa mwaka 1806 kwenye ukumbi wa Covent Garden jiji zima lilikuwa likimzungumza yeye. Lakini nyumbani hapakuwa na kicheko. Mke wake wa kwanza alifariki wakati wa uzazi mwaka 1800. Miruko na maanguko ya jukwaani yaliuharibu mwili wake hata akaagana na watazamaji mwaka 1828 akiwa kiwete, wa umri ambao wengine ndio kwanza wanastawi. Na mwanawe, chale kama yeye, aliangamia kwa ulevi akafa mwaka 1832. Husimuliwa kwamba alikuwa akilichezea jina lake, ambalo nusu yake ya mwanzo kwa Kiingereza ina maana ya uso uliokunjamana, akisema kwamba mchana kutwa amenuna lakini usiku huwachekesha watu. Alikufa mwaka 1837, na mwaka uliofuata zikatoka kumbukumbu zake zilizohaririwa na Charles Dickens, aliyekuwa bado kijana. Tangu hapo wasomaji wa Uingereza walibeba vichwani mwao picha ya mtu anayecheka kwa nje huku ndani anaoza.

Upande wa Ufaransa mambo yalikuwa mazito zaidi. Jean-Gaspard Deburau, bubu wa jukwaani mwenye uso uliopakwa unga mweupe, ndiye aliyependwa kuliko wote mjini Paris. Mwaka 1836 alikuwa akitembea na familia yake barabarani pasipo rangi wala mavazi ya kazi, kijana mmoja akamtukana kwa jina la mhusika wake, naye akampiga kwa bakora kichwani. Kijana akafa. Mahakama ilimwachilia Deburau, na husemwa kwamba umati ulijaa mahakamani kwa sababu watu walitaka kuisikia sauti yake, ambayo kwa miaka yote ya kazi hawakuwahi kuisikia. Hapo nakomea kidogo kila nikisoma kisa hiki: wanakuja kwenye kesi ya mauaji kusikia sauti. Mtu ambaye hatumjui hisia zake hutuvuta na kututisha kwa kamba ile ile.

London, hata hivyo, haikumsusa Grimaldi. Tangu miaka ya 1940 machale hukusanyika kanisani mashariki mwa jiji, Jumapili ya kwanza ya Februari, kumkumbuka, na siku hizi huhudhuria wakiwa na rangi na wigi zao. Ningependa kuwaona wakiimba tenzi za rohoni na pua za sponji. Sijui kama ningekaa kiti cha mbele.

Mama Wawili, Arusha

Naheshimu elimu yenu, ila naona tunalikuza jambo. Tukilipa kila woga jina la kitaalamu, watoto wetu wataogopa hadi vivuli vyao. Mwaka 2016 huko Greenville, South Carolina, watoto walidai kwamba machale wanawavutia msituni kwa fedha. Polisi walitafuta, hawakumkuta chale hata mmoja. Lakini ndani ya miezi miwili uvumi ulikuwa umeenea Marekani nzima na kuvuka bahari hadi Uingereza, vijana wakaanza kujivika vinyago vya chale kwa makusudi ya kuwatisha wapita njia, wengine wakakamatwa, na kampuni ya McDonald's ikapunguza kumtoa hadharani chale wake aliyewahudumia tangu miaka ya 1960. Yote hayo yaliletwa na maneno matupu. Wangu wawili walilia mara moja, nikawapa soda, ikaisha.

Muuguzi Mstaafu, Morogoro

Mama Wawili, kuhusu jina nakubaliana nawe nusu. Kuogopa si ugonjwa. Ugonjwa huanza pale hofu inapomnyima mtu maisha yake, akabadilisha njia ya kwenda kazini au akakataa kumpeleka mtoto hospitali kwa sababu kuna picha ya chale ukutani.

Na hilo la ukutani si mzaha. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield waliwauliza zaidi ya watoto 250, wa miaka 4 hadi 16, wanapenda wodi zao zipambwe kwa nini, na wakakuta kwamba picha za machale hazipendwi na yeyote, hata wakubwa. Watu wazima ndio waliokuwa wakizichora wakidhani wanafurahisha. Lakini upo upande mwingine: tangu mwaka 1986, sarakasi moja ya New York ilipoanza kupeleka machale wodini, kazi hiyo imeenea duniani, na mapitio ya tafiti 24 zenye watoto 1,612, yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la madaktari wa Uingereza, yalionyesha kwamba watoto waliotembelewa na machale hao kwa jumla walipungukiwa na wasiwasi. Kwa nini picha itishe na mtu atulize? Kwa sababu chale wa hospitali kwa kawaida hana zaidi ya pua nyekundu na alama chache, hubisha mlangoni na kuuliza kama anaweza kuingia, na mtoto akisema hapana, anaondoka. Picha haibishi hodi, wala haiondoki.

Mzawa wa Newala

Nimesubiri mtu alitaje, hakuna aliyelitaja. Mleta mada anasema alikulia Masasi na hakuwahi kuona chale. Masasi na Newala si mbali. Je, hukuwahi kumwona lipiko?

Kwa wasiojua: lipiko, kwa wingi mapiko, ni mchezaji wa Kimakonde anayevaa kinyago cha mti kilichochongwa kama kofia ya kufunika kichwa kizima, mara nyingi kikiwa na nywele za mtu zilizobandikwa, na mwili wote hufunikwa kwa nguo ili pasionekane ngozi. Hucheza hasa nyakati za jando na unyago. Kwa desturi wanawake na watoto waliambiwa kwamba yule si mtu, bali ni mzimu, na vijana walipoingia jandoni ndipo walipofunuliwa kwamba ndani kuna baba fulani wa nyumba ya tatu. Paka wa Muuguzi ametukuta tunalijua jambo hilo; tofauti ni kwamba sisi tulilijengea sherehe, tukaipanga siku ya mtoto kujua. Na lipiko hatishi tu. Huigiza, huiga mwendo wa watu, na vinyago vingine vilichongwa kumkejeli mgeni, akiwemo Mzungu wa zama za ukoloni. Kutisha na kuchekesha vimekaa katika kichwa kimoja cha mti.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, na nadhani maana yake hapa ni nyepesi kuliko tunavyoichukulia: aliyeona mti ukichongwa hawezi kuogopa, kwa kuwa anajua kilianzia wapi. Yule chale wa Dar aliletwa kwenu akiwa amekwisha kuchongwa.

Ila kuna tofauti moja ambayo sijaona ikielezwa. Lipiko akitokea, unaruhusiwa kukimbia. Wote wanakimbia, wanapiga kelele, wanarudi, wanacheka, wanakimbia tena, na hakuna anayekuuliza kwa nini umekimbia. Chale akitokea, umeamriwa ucheke. Mshereheshaji anakuamuru kwa kipaza sauti, wageni wanakutazama, na mwenye sherehe amelipia. Hofu yako haina pa kwenda, inabaki na wewe ukutani.

Chale wa Zamani, Mombasa

Nimekuwa nikisoma kimya kimya, lakini naona ni vyema mshtakiwa naye asikilizwe. Nilifanya kazi hii kwa miaka 11, katika hoteli za pwani na sherehe za watoto, na niliwaliza wengi kabla sijajifunza.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa maana wengi mmeiona kwa mbali. Rangi nyeupe ni ya mafuta. Unaipaka kwa vidole, unaigonga kwa kiganja hadi alama za vidole zipotee, kisha unachukua soksi safi uliyoijaza poda na kuipigapiga usoni ili mafuta yakauke na yasimwagike. Kwa joto la Mombasa inadumu kama saa moja. Baada ya hapo jasho linatafuta njia chini ya poda, inapasuka kuzunguka pua na pembeni mwa macho, na nyekundu ya mdomo inaanza kutambaa kwenye nyeupe. Anayenitazama akiwa mita kumi anaona uso wa katuni. Mtoto ninayemwinamia anaona ngozi inayobanduka, meno ya njano yaliyozungukwa na nyeupe, macho mekundu kwa moshi wa nyama choma, na puani anapata harufu ya mafuta iliyochanganyika na jasho. Rangi hii ilibuniwa kwa ajili ya jukwaa na uwanja wa sarakasi, ionekane na aliyekaa nyuma kabisa. Sisi tuliichukua tukaingia nayo sebuleni. Ukiniuliza, kosa kubwa ni hilo, wala si filamu.

Mzee mmoja aliyenifunza alinionya kwamba mdomo uchorwe kwenye midomo ya chini tu, na wa juu uachwe na rangi yake, ili mtoto aone kitu kinachosogea unaposema. Nilimpuuza. Nilitaka tabasamu kubwa linalokaribia masikio, kama la huyo kijana wenu wa Dar, kwa kuwa wazazi waliolipa walilipenda kwenye picha. Wazazi ndio wanaochagua uso wa chale, jamani, halafu watoto ndio wanaokutana nao. Baadaye niliacha nyeupe ya uso mzima, nikabaki na rangi yangu mwenyewe, nyeupe kidogo juu ya macho na kuzunguka mdomo, na pua. Vilio vilipungua siku ile ile.

Jingine ni mwendo. Usimfuate mtoto. Kaa chini, mgeuzie ubavu, shughulika na kitu chako kana kwamba kimekushinda, puto lisilofungika kwa mfano, na mwache aamue mwenyewe kusogea. Kijana yule alipokuja "kumbembeleza" binti yako alikuwa na nia njema, na nia njema yenye viatu vya sentimita arobaini bado ni kitisho.

Tena msidhani uso huu ni mchezo kwetu. Kule London, tangu mwaka 1946, chama cha machale huhifadhi nyuso za wanachama wake kwa kuzichora juu ya mayai, moja kwa kila chale, ili asitokee wa kumwiga mwenzake. Mwanzoni yalikuwa mayai ya kuku yaliyotolewa ute. Nilipoona picha ya rafu ile, nyuso kadhaa zikinitazama kutoka kwenye maganda matupu, nawaambia kweli, mimi chale wa miaka 11, machale yalinicheza. (Sidai kwamba neno hilo na jina la kazi yangu vina asili moja, lakini waliovigonganisha walijua wanachofanya.)

Baba Zawadi (mleta mada), Dar es Salaam

Wanajukwaa, nawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nijaribu.

Mzawa wa Newala, umenipata. Mapiko niliyaona, tena zaidi ya mara moja, na nilikimbia na wenzangu hadi tukaangukiana kwenye shamba la mihogo. Lakini nikikumbuka sasa, ilikuwa hofu tamu. Tulirudi wenyewe bila kuitwa. Ile ya juzi haikuwa na utamu wowote. Maelezo yako ya kuamriwa kucheka ndiyo yaliyonikaa zaidi kuliko mengine, kwa maana nakumbuka vizuri kwamba nikiwa pale ukutani nilikuwa nikitabasamu.

Kwa msaada wa jirani nilimpata yule kijana, nikamsomea maneno ya Chale wa Zamani, akayasikiliza kwa makini na kuomba nimtumie. Jumapili alikuja kwetu akiwa na shati lake la kawaida na mfuko wa rambo wenye vifaa. Alikaa kwenye mkeka barazani, akaweka kioo kidogo mbele yake, akaanza kazi taratibu bila kumwita mtu. Zawadi alikuwa nyuma ya pazia la mlango, jicho moja nje. Ilipofika zamu ya soksi ya poda alitoka, kwa sababu alitaka kujua kwa nini mtu anajipiga na soksi. Alikubali kuishika, akampiga nayo begani, akacheka. Pua aliivaa yeye kwanza kabla ya mwenyewe.

Kisha kijana akachukua nyekundu na kuanza kuchora mdomo, na Zawadi akarudi nyuma ya pazia bila kusema neno. Kijana akaufuta kwa kitambaa. Akatoka tena. Tulijaribu mara ya pili, kwa mdomo wa chini tu, mwembamba, na safari hii alibaki palipo na mama yake, akitazama lakini hasogei. Tukaishia hapo kwa siku hiyo, tukala mihogo ya kukaanga.

Mimi nilikaa kwenye mkeka muda wote, na nilidhani nimefaulu, hadi mke wangu aliponiuliza jioni macho ya yule kijana yalipakwa rangi gani. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetazama mikono yake tu.

Kuhusu siku ya familia, mwalimu amekubali chale aje na pua peke yake, ajipake mengine mbele ya watoto wakitaka.